Korea kugawanywa: eti walijigawa wenyewe?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana kwamba Wakorea waligombana wenyewe kwa wenyewe wakagawana nchi, kwahiyo wakubwa wa dunia wasisingiziwe. Napinga. Wengi mnaianzia hii stori 1950 vita ilipoanza, wakati mstari ulishachorwa miaka mitano nyuma.

Usiku wa kuamkia 11 Agosti 1945 Japani iko hoi, Warusi washaanza kuingia Korea kutokea kaskazini, Marekani hana hata kikosi pale. Kule Washington makanali wawili, Charles Bonesteel na Dean Rusk (huyu Rusk ndo baadae akawa waziri wa mambo ya nje) wakapewa kama nusu saa watafute pa kukata. Walikuwa na ramani ya National Geographic tu, wakaangalia mji mkuu Seoul ulipo, wakataka ubaki kwao, wakachagua latitudo ya 38: kaskazini yake Warusi, kusini yake Wamarekani. Stalin akakubali bila ubishi. Mkorea hata mmoja hakuulizwa! Mstari ukapita juu ya mito 12 na reli 6, na rasi ya Ongjin kule magharibi ikahesabiwa kusini ila kwa nchi kavu hufiki bila kupita kaskazini, labda upande boti.

Halafu Ujerumani kugawanywa naelewa, alianzisha vita akapigwa. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, sasa inakuwaje anakatwa vipande aliyekuwa anatawaliwa na mtawala anabaki mzima??

Najua mtasema ulikuwa mstari wa muda wa kupokonya Wajapani silaha. Sawa, ila angalieni miaka mitatu iliyofuata. Lyuh Woon-hyung, mwanasiasa mpigania uhuru, na wenzake walitangaza jamhuri yao 6 Septemba 1945, siku mbili kabla Wamarekani hawajashuka Incheon, Wamarekani wakaikataa. Kaskazini Cho Man-sik, mzee aliyeheshimika sana Pyongyang, akawekwa kizuizini na Warusi wakambeba Kim Il Sung. Lyuh akapigwa risasi 1947. Kim Gu, aliyeongoza serikali ya Wakorea uhamishoni enzi za Japani, akavuka kwenda kaskazini Aprili 1948 kujaribu kuzuia uchaguzi wa upande mmoja, akarudi mikono mitupu, mwaka uliofuata nae akauawa. Yaani kila aliyejaribu kusimama katikati aliondolewa, wakabaki Syngman Rhee kusini na Kim Il Sung kaskazini, kila mmoja anataka nchi nzima iwe yake.

Kusini wakapiga kura 10 Mei 1948. Tarehe 14 kaskazini wakazima umeme, na kusini walikuwa wanategemea mabwawa ya huko. Kwangu mimi hapo ndo mstari uligeuka mpaka, hizo sherehe za kutangaza nchi mbili Agosti na Septemba zilikuja kupigia mhuri tu.

Na sikatai, Kim Il Sung ndo alivamia 25 Juni 1950, hilo halina mjadala. Ila mpaka 1953 mapigano yanasimama, mstari ulisogea kidogo tu (Kaesong ikaenda kaskazini) na familia zikabaki huku na huku. 1983 televisheni ya KBS ya Korea Kusini ilirusha kipindi cha waliopotezana, watu wakajazana nje ya jengo wamebeba mabango yenye majina ya ndugu zao, na hao ni waliopotezana ndani ya kusini peke yake!

Sasa nyie wa "walijigawa wenyewe" nijibuni moja tu: kabla ya Agosti 1945, ni Mkorea gani alikuwa anadai nchi mbili?