Bei ya kutuma mzigo inayotangazwa siyo tunayotozwa, na wenye biashara ndogo ndio tunaoumia

Ndugu zangu mnaouza bidhaa na kuzituma kwa vifurushi,

Nimechoka kusikia ushauri kwamba mwenye biashara ndogo "achague njia nafuu" ya kutuma mizigo, kana kwamba bei zote zimepangwa mezani na kilichobaki ni kunyoosha kidole. Huwezi kuchagua kilicho nafuu kama bei yenyewe hujaonyeshwa. Tunachoonyeshwa ni kianzio tu, na bei kamili hutufikia baadaye, mzigo ukiwa umeshaondoka mikononi mwetu na mteja ameshalipa kile tulichomwambia. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na tunafanyiwa hivyo mwezi baada ya mwezi.

Nianze na uzito, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapochunwa. Ninauza kofia na mikoba ya kitambaa, bidhaa nyepesi zinazojaza nafasi. Nilipeleka kwa kampuni moja ya usafirishaji wa haraka boksi lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 20, ambalo kwenye mizani lilisoma kilo 1.2. Jedwali la bei lililobandikwa kaunta lilitaja kilo na si kitu kingine. Ankara ilipokuja, niliandikiwa kilo 5. Nilipouliza, nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba huo ndio "uzito wa kutozwa", na mhudumu akamwita mteja aliyefuata.

Hesabu yao ni hii, na kila anayetuma mizigo anastahili kuambiwa kabla hajatoa hela: wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, kisha wanalinganisha jibu na uzito wa mizani na kutoza kilicho kikubwa. Boksi langu lilitoa kilo 4.8, ikapandishwa hadi 5. Wapo wasafirishaji wanaogawanya kwa 6000, na kwao boksi hilohilo lingehesabiwa kilo 4. Kofia zilezile, zikipangwa moja ndani ya nyingine katika boksi la sentimita 30 kwa 20 kwa 15, zinatoa kilo 1.8 tu hata kwa kigawanyo cha 5000. Ninakubali kabisa kwamba ndege na gari huweza kujaa kabla hazijalemewa, na kwamba nafasi ina gharama yake. Ninachokikataa ni kigawanyo hicho kufukiwa katika masharti marefu yasiyosomwa na mtu, ilhali ndicho kinachoamua kama nitapata faida au nitamlipia mteja nauli ya hewa iliyomo ndani ya boksi.

Na kuna jambo linaloniudhi kuliko hilo. Mzigo huohuo ukipotea, uzito wa ujazo, yaani ule unaotokana na vipimo vya boksi, hausikiki tena. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia mizigo ya kimataifa ya ndege, unaweka kikomo cha fidia kwa kila kilo ya kifurushi, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni vizio 26 vya SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilo zinazohesabiwa katika fidia ni za mizani. Kwa hiyo wakati wa kulipa wao nina kilo 5, na wakati wa kulipwa mimi nina kilo 1.2. Anayetaka zaidi ya hapo anatakiwa atangaze thamani ya mzigo na alipe nyongeza mapema, jambo ambalo mhudumu wa kaunta halitaji mpaka ulitaje wewe. Hata ukilipa, dai lako linaweza kugonga mwamba kwa hoja kwamba ufungaji "haukutosha", bila kuonyeshwa picha wala kipimo cha huo ufungaji unaotosha.

Tozo za ziada sitazichambua moja moja. Ipo ya mafuta, inayobadilika mara kwa mara na kuongezwa juu ya nauli kwa asilimia; ipo ya eneo la mbali, ya kupeleka nyumbani badala ya ofisini, ya kusahihisha anwani. Kila moja ina sababu yake. Hata hivyo, msafirishaji anazijua zote pale ninapompa anwani na vipimo, na ana kompyuta mbele yake. Anashindwaje kunipa jumla?

Watu huniambia, basi nenda posta. Ninakwenda, na ninaitetea: kwa vitu vidogo visivyozidi kilo 2, huduma ya vipaketi vidogo huwa nafuu sana ikilinganishwa na kampuni za haraka, na Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, umewezesha kipaketi kitokacho nchi moja kukabidhiwa shirika la posta la nchi nyingine bila mimi kutafuta wakala. Lakini hata huko tunafichwa. Namba ya kimataifa ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Herufi ya kwanza ndiyo inayokueleza ulichonunua: R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi cha kawaida, na L ni kipaketi kinachofuatiliwa. Inayoanza na U haina ahadi ya kufuatiliwa hadi mlangoni. Nilipewa namba ya U huku nikihakikishiwa kwa mdomo kwamba mteja "ataona kila hatua". Hakuona chochote baada ya mzigo kuvuka mpaka, akanishuku kuwa tapeli, na ilinibidi nimrudishie fedha zake ili kulinda jina langu. Yule aliyenipa neno lake kaunta hakupoteza hata senti.

Halafu kuna forodha. Tangu tarehe 1 Julai 2021, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zisizozidi yuro 22, na tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imesitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Haya si maamuzi ya wasafirishaji, na siwalaumu kwayo. Ninawalaumu kwa kuendelea kutuuzia huduma bila kutuuliza swali moja la lazima: nani atalipa ushuru, mtumaji au mpokeaji? Lisipoulizwa, kampuni humlipia mpokeaji forodhani kisha humdai ushuru huo pamoja na ada yake ya kushughulikia, ada ambayo kwa bidhaa ya bei ndogo inaweza kuzidi ushuru wenyewe. Mteja anakasirika, anakataa mzigo, mzigo unarudishwa, na nauli ya kurudi inaangukia kwangu. Mfanyabiashara mkubwa ana mkataba wenye punguzo na ofisa wa kumpigia simu. Sisi tuna namba ya huduma kwa wateja inayotuwekea muziki.

Madai yangu kwa wasafirishaji ni mepesi kutekelezwa. Kigawanyo cha ujazo kiandikwe kwenye jedwali la bei, pembeni mwa kilo, kwa herufi za ukubwa uleule. Jumla ya gharama pamoja na tozo zote itajwe kabla sijalipa, na isibadilike isipokuwa vipimo nilivyotoa vimeonekana kuwa si sahihi, tena kwa picha ya mzigo ukiwa kwenye mizani na futi kamba. Kikomo cha fidia kisomwe kwa sauti kwa anayetuma. Aina ya ufuatiliaji iandikwe kwenye stakabadhi kwa maneno ya kawaida, na swali la ushuru liulizwe kwa kila mzigo unaovuka mpaka.

Kwa wenzangu, ninaomba mweke hapa chini ankara zenu, mkiwa mmefuta majina na anwani: vipimo vya boksi, uzito wa mizani, uzito mliotozwa, na kila tozo iliyoongezwa baadaye. Tukizipata nyingi tutazipanga kwa ukubwa wa boksi na kuzipeleka kwa mamlaka zinazosimamia huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi, kila mtu katika nchi yake.