Nyumba ya likizo Bagamoyo: tumekatwa amana yote kwa sufuria ya jirani!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Sikukuu ya Idi iliyopita tulikodi nyumba ya likizo Bagamoyo, upande wa Kaole, familia nzima: mimi na mke wangu, watoto watatu (mmoja wa kubebwa), mama yangu mzazi, mdogo wangu na mkewe. Nyumba ya kujipikia, siyo hoteli. Tulichagua hivyo makusudi, maana watu wengi hivyo ukiwapeleka hotelini hela yote inaishia kwenye chipsi na soda, na mama yangu hali chakula asichojua kimepikwaje. Laki mbili na nusu kwa usiku, juu yake amana laki mbili. Nililipa yote kabla ya safari. Amana sasa imegoma kurudi, na sababu niliyopewa ndiyo iliyonileta hapa jukwaani.

Tuanze na tangazo lenyewe. Vyumba vinne, watu wanane, kiyoyozi kila chumba, maji muda wote, "jiko kamili, njoo na chakula chako tu", bahari dakika mbili. Picha kibao, zote safi. Ile ya ufukwe nilikuja kuitambua tulipofika: imepigwa kwenye hoteli ya mbele huko, ukiangalia vizuri miamvuli yao inaonekana pembeni. Kutoka getini mpaka mchangani unapita mtaro, unazunguka ukuta wa watu, unakata kwenye shamba la minazi, ndipo unaiona bahari. Mama yangu ana magoti, alienda mara moja akasema inatosha. Na hata hao wanaotangaza "unafungua mlango unakanyaga maji" muwaulize vizuri, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ama anakudanganya, ama amejenga pasipotakiwa.

Bahari yenyewe simlaumu mtu. Idi el-Fitri ni mwezi mwandamo, kwa hiyo ni bamvua. Saa nne, saa tano asubuhi maji yameshakimbia mbali kabisa, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, watoto wamevaa maboya wanauliza bahari iko wapi. Yanarudi kujaa alasiri. Bagamoyo ndivyo ilivyo na wenyeji wanapanga siku zao hivyo. Ila mtu anayekodisha nyumba kwa ajili ya bahari angeshindwa nini kuandika mstari mmoja kwenye tangazo lake?

Haya, safari. Kutoka Dar ni kilomita 70 hivi tu, lakini mkesha wa sikukuu, Tegeta mpaka Bunju, mnaijua wenyewe. Tumefika magharibi imeingia, watoto wanalia njaa, geti limefungwa, simu ya msimamizi inaita haipokelewi. Akaja baadaye na boda. Mama yangu, mtu mzima, amekaa kwenye gari mlango wazi, kijana hata shikamoo hakuna. Neno la kwanza: "Mko wangapi? Mbona kama mmezidi?" Hatukuzidi.

Nabonyeza swichi, giza.

"Ah, bosi, LUKU imeisha. Nipe elfu ishirini nikuwekee sasa hivi."

Nikamwambia nipe namba ya mita ninunue mwenyewe kwenye simu yangu. Hapana, mita iko stoo, ufunguo anao mwenye nyumba, yeye ana namba kwenye simu yake. Nikatoa. Tokeni ilipoingia, mke wangu akaomba aione ile meseji. Zaidi ya nusu ya hela ilikuwa imekatwa deni. Wenye nyumba mnajua: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na nyumba ikikaa miezi bila kununuliwa umeme makato yanarundikana yanamsubiri mnunuzi wa kwanza. Ghorofa ndiyo inakatwa zaidi. Mnunuzi wa kwanza nilikuwa mimi! Nimemlipia mtu kodi ya jengo lake, halafu nikalala kwenye jengo hilohilo kwa laki mbili na nusu. Nilipomtumia mwenye nyumba picha ya meseji akajibu "umeme ni juu ya mgeni". Umeme, dada yangu, sawa. Kodi yako je?

Viyoyozi kilifanya kazi kimoja. Pampu imeungua, simtanki tupu, tukaletewa maji kwa madumu kwenye boda, tunalipa kwa dumu. Maji ya kisima, ya chumvi, unamwogesha mtoto sabuni haitoi povu. Neti zina matundu. Hayo nayaruka, maana hayo mtu unaweza kumeza kwa ajili ya sikukuu.

Jiko ndilo siwezi kumeza.

Mtungi wa gesi upo, wa kilo 15, umefutwa vumbi unang'aa. Nikaunyanyua kwa vidole viwili. Mtupu kabisa. Msimamizi akasema ana jamaa yake analeta mwingine usiku huohuo, kwa bei ambayo hata Masaki hawajaisikia, na huyo jamaa alikuja kutokea kesho yake jioni. Usiku ule watoto walikula mkate na ndizi.

Asubuhi mke wangu na shemeji yake wakafungua makabati. Droo ya kwanza: uma tatu, kisu kisicho na mpini, kifungulio cha soda. Droo ya pili: risiti kuukuu na mende. Kabatini sufuria mbili, kubwa yao ni ya kuchemshia maziwa ya mtoto. Kikaango kimebanduka weusi wote. Sahani nne, moja ina ufa. Mfuniko upo mmoja na hauingii kwenye sufuria yoyote. Mwiko hakuna, upawa hakuna, chujio hakuna, mbuzi hakuna. Yaani nyumba iko Bagamoyo, minazi imeizunguka, nazi zinadondoka uani, na haina mbuzi ya kukunia! Mama yangu akasimama mlangoni akaangalia, akauliza, "Hawa wenye nyumba wanapikia nini, viganja?"

Hiyo ni siku ya Idi, wakuu. Watu wametoka kuswali. Mdogo wangu amesharudi soko la samaki na changu na kamba, friji inavuma tu haigandishi. Nyama ya pilau ipo, mchele upo, viungo mama kavisaga mwenyewe Dar kaja navyo. Watu wanane wanasubiri chakula cha sikukuu mbele ya sufuria ya maziwa.

Mke wangu akajifunga kanga akaenda kubisha hodi nyumba ya pili. Mama wa pale akaanza kucheka kabla mwenzie hajamaliza salamu.

"Mmefikia pale ghorofani? Karibu mwanangu. Unataka sufuria au mbuzi?"

Kumbe ndiyo kawaida yake. Anasema wageni wa nyumba ile wote huishia kwake, kuna waliowahi kuazima mpaka ndoo ya kuogea, na mwenye nyumba anajua na hajawahi hata kumpelekea kilo ya sukari. Akatupa sufuria kubwa ya pilau, mwiko, mbuzi, chujio na jiko la mkaa. Tukapika uani chini ya mnazi. Mama ndiye aliyesimamia, na kusema kweli hiyo ndiyo saa pekee ya likizo yote niliyomwona anafurahi. Tukampelekea jirani sinia la pilau, na kwa kuwa pwani chombo hakirudi kitupu, likarudi limejaa kaimati. Mungu ambariki yule mama.

Sasa sikilizeni. Mchana ule, pilau iko jikoni, msimamizi akaja kudai hela ya gesi ambayo hata haijaletwa. Tukamkaribisha, sikukuu hiyo. Akapakuliwa kutoka kwenye ile sufuria, akala, akasifu, akaongezewa.

Siku ya kuondoka anakuja na daftari. Anazunguka vyumba, anahesabu mito, anafungua makabati. Anafika jikoni anasimama.

"Bosi, sufuria kubwa iko wapi?"

Sufuria gani?

"Ile kubwa. Siku ya Idi si niliiona hapa, mmepikia pilau?"

Nilidhani ananitania. Nikamshika mkono mpaka kwa jirani. Yule mama akaitoa sufuria, akaigeuza kitako juu: herufi za jina lake zimekwaruzwa pale kwa msumari, kama wanavyoweka alama kina mama kwa ajili ya vyombo vya kwenye shughuli. Akamwambia, "Wewe kijana, hii sufuria nimepikia matanga ya mama yangu, leo iwe ya bosi wako?" Kijana anaangalia chini. "Mimi nimetumwa tu, mama. Nishampigia bosi."

Bosi, ambaye yuko Dar na hatujawahi kuonana naye, akanijibu WhatsApp: "Kaka, msimamizi wangu nimekaa naye miaka, si mwongo. Vyombo vikipotea amana hairudi." Nikaomba orodha ya vyombo vya nyumba. Hana. Nikamtumia picha za makabati nilizopiga asubuhi ya Idi, simu inaonyesha mpaka saa. Kimya. Nikamtumia picha ya kitako cha sufuria. Kimya. Kesho yake ikaja sauti, ndefu, kwamba nyumba ya kujipikia mgeni anatakiwa ajitegemee, kwamba sisi tumezoea kuhudumiwa, na kwamba zaidi ya sufuria kuna gharama ya kufua mashuka na "maji mmetumia mengi sana". Maji ya madumu, niliyonunua mimi!

Hebu tuwekane sawa. Anayekodi nyumba ya namna hii anakuja na chakula chake na nguvu zake za kupika, kuosha na kufagia. Hayo tuliyafanya, nyumba tumeiacha safi kuliko tulivyoikuta. Moto, maji na chombo cha kupikia ni vya mwenye nyumba, ndiyo maana anaitwa mwenye nyumba na ndiyo maana tunamlipa. Ukiniondolea hivyo vitatu umenikodisha kuta na godoro, basi niandikie gesti na unitoze bei ya gesti. Na hata tukikubali kwa ubishi kwamba sufuria ilikuwa yake, sufuria gani ya alminiamu inauzwa laki mbili?

Risiti hakuna. Niliambiwa nitume kwenye namba ya mtu binafsi, jina la tatu kabisa, wala si la mwenye nyumba wala la msimamizi. Meseji zote ninazo.

Jina la nyumba sitaji hapa kwa sababu ya sheria za jukwaa, na naomba msinilazimishe. Ninachotaka ni ushauri wa watu waliowahi kupita njia hii. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Je, kuna mtu amewahi kupeleka jambo dogo kama hili akasikilizwa? Au niende moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo, ambako huhitaji wakili? Na kesi ya namna hii inafunguliwa Bagamoyo iliko nyumba, au Dar anakoishi yeye?

Na mnaotaka kwenda Krismasi, kabla hujatuma hata senti dai video ya droo na makabati yakiwa wazi, dai namba ya mita ununue umeme wa elfu moja uone linakatwa deni gani, na ukifika piga picha kila chombo mbele ya msimamizi. Halafu nendeni na mbuzi yenu.

MREJESHO

Nimesoma michango yote, ahsanteni. Wanaouliza kwa nini hatukuondoka usiku uleule: mkesha wa Idi, saa mbili usiku, una mama mtu mzima na mtoto wa kubebwa, nyumba ya watu wanane ungeipata wapi Bagamoyo? Aliyesema "si mngeenda Zanzibar", nashukuru, atutumie nauli.

Aliyeuliza kama ni ile nyumba yenye geti la bluu, mkuu, njoo pembeni tuongee. Inaelekea hatuko peke yetu.

Halafu hili la leo. Mwenye nyumba ameuona uzi. Ameniandikia kwamba atarudisha laki moja nikiufuta, na kwamba jirani "amekubali" sufuria ilikuwa ya nyumba. Mke wangu akampigia yule mama papo hapo, sauti ya juu, sote tunasikia. Alichojibu siwezi kukiandika hapa, nitafungiwa.

Uzi haufutwi. Ni laki mbili, zote, na namba ya kuzirudishia ni ileile niliyolipia.