Profar kafungiwa, nami nilikuwa nishambadilisha. Nimrudishie binamu yangu mchezaji wake?

ZamuYaUsiku:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba rai zenu, maana jambo hili limeingia mpaka kwenye familia.

Nafanya kazi bandarini Kilindini, na zamu ya usiku ndiyo iliyonitia kwenye besiboli. Mechi za jioni za Marekani huku kwetu huanza mwendo wa saa nane usiku, saa ambayo hakuna mpira mwingine wa kutazama. Tuna ligi yetu ya fantasi, wengine tuko hapa Mombasa na wengine ni jamaa walioko Marekani. Kila mtu ana timu yake ya wachezaji wa kweli. Wakipiga homu rani uwanjani, yaani mpira unaovuka ukuta wa uwanja, wewe wapata pointi. Kubadilishana wachezaji ruhusa.

Jumamosi nilimpa binamu yangu Jurickson Profar wa Atlanta Braves, yeye akanipa Brandon Nimmo wa Mets. Na Profar alikuwa mali! Mwaka 2024 akiwa San Diego alipiga homu rani 24, akaitwa kwenye mechi ya nyota, kisha Braves wakamsajili miaka mitatu kwa dola milioni 42. Mimi nilimtaka Nimmo kwa kuwa hana pupa, anangoja mpira wake.

Jumatatu, Machi 31, 2025, siku yenyewe ya Idi, nyumba imejaa wageni, simu ikaanza kulia mfululizo. Profar kafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizopigwa marufuku, na msimu mzima ni mechi 162. Hata mechi za mtoano hatacheza. Binamu anasema nilijua. Wallahi sikujua. Braves wenyewe wametoa taarifa kwamba wameshangaa.

Biashara ibaki ama niirudishe?

MtotoWaMtongwe:
Ibaki, kaka. Hii hatari kila anayecheza fantasi anaijua. Agosti 2022 Fernando Tatis Jr., nyota wa San Diego, alikuwa karibu kurudi baada ya kuvunjika kifundo cha mkono, watu wamemweka benchi tangu msimu uanze, akafungiwa mechi 80 kwa clostebol, dawa ya kujenga misuli. Yeye alisema ni dawa ya choa. Waliomngoja walikula hasara yao wakanyamaza. Binamu yako naye ni mtu mzima.

DadaWaKibokoni:
Mtongwe, hao wa Tatis hawakuuziwa na mtu, walimshika wenyewe. Hapa kuna muuzaji na mnunuzi, na hilo labadilisha hukumu.

Marehemu babangu aliuza mbuzi miaka mingi. Mbuzi akitoka kwake na ugonjwa uliokuwamo tangu zizini, mnunuzi alikuwa na haki ya kumrudisha, hata kama baba naye hakuujua. Alichouliza ni kimoja tu: ugonjwa uliingia lini? Sasa jiulize, kipimo cha Profar kilichukuliwa lini? Sampuli hutolewa, hupelekwa maabara, majibu hurudi, kisha ndipo hutangazwa. Haiwezekani alipimwa Jumapili akafungiwa Jumatatu. Aliponaswa na hCG, homoni ya wajawazito ambayo kwa mwanamume husukuma mwili utengeneze testosterone, bado alikuwa kwenye timu yako. Hakuna anayekuita mwongo, kaka yangu. Lakini aibu ilikuwamo kabla ya kuuza.

MbioZaNyali:
Naunga mkono dada. Ila msisahau pointi. Kwenye riadha, ukinaswa matokeo yanafutwa. Rashid Ramzi wa Bahrain alivuliwa dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008, ikaja kwa Asbel Kiprop wetu, na Kiprop naye akafungiwa miaka minne kwa EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Hilo liliniuma sana, nilikuwa nampenda yule kijana anavyomaliza mbio. Besiboli hawafuti. Barry Bonds, mpigaji wa zamani, pamoja na kashfa zake zote za dawa bado ana homu rani zake 762 kitabuni. Kwa hivyo hizo mechi chache alizocheza Profar kabla ya kufungiwa, pointi zake zibaki kwa aliyekuwa naye siku ile.

ZamuYaUsiku:
Dada, hapo kwenye sampuli umenishika. Mimi nilikuwa nikibishana kuhusu kujua na kutojua, kumbe swali si hilo. Nilipomtoa, mtu alikuwa ashapimwa.

Nimempigia binamu. Nimmo anarudi kwake, nami nakaa na Profar mpaka mapema Julai atakapomaliza adhabu. Pointi ni kama alivyosema MbioZaNyali. Lakini neno la kwamba nilimtapeli nimemtaka alifute mbele ya kikundi kizima, kwa maandishi, na amekubali.

Nimemwomba msimamizi pia tuweke kanuni: mchezaji akifungiwa kwa dawa ndani ya wiki mbili tangu abadilishwe, biashara irudi yenyewe. Kura inafungwa Ijumaa baada ya swala. MtotoWaMtongwe, najua utapinga, lakini piga kura.

MtotoWaMtongwe:
Nitapinga. Wiki moja yatosha.