Mchunguzi anasema kichujio chetu cha hewa cha kuvaa shingoni ni jambo la dhahiri: tumjibu vipi?

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Tumeomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, nchini Marekani kwa kifaa kidogo cha betri kinachovaliwa shingoni, ambacho feni yake huvuta hewa, huipitisha kwenye kichujio cha HEPA (kichujio kinachonasa chembechembe ndogo sana) na mkaa amilifu, kisha huielekeza puani polepole. Mchunguzi wa ofisi ya hataza ameyakataa madai yetu, yaani sentensi za ombi zinazotaja tunachotaka kilindwe, kwa kuunganisha hati mbili, moja ya mashine ya mezani ya kusafisha hewa na nyingine ya feni ya shingoni. Hakuna hati yoyote inayoeleza kifaa chetu kizima. Je, huku si kuuona uvumbuzi kuwa dhahiri kwa sababu tu tayari amesoma ombi letu?

Jibu la kwanza

Kukosekana kwa hati moja yenye kila kitu kunathibitisha tu kwamba kifaa ni kipya, ilhali kifungu cha 103 cha sheria ya hataza ya Marekani kinauliza kama mtaalamu wa kawaida wa fani angeona tofauti hiyo kuwa dhahiri kabla ya siku mlipowasilisha ombi. Tangu hukumu ya KSR dhidi ya Teleflex ya mwaka 2007, iliyohusu pedali ya gari iliyofungwa kihisi cha kielektroniki, si lazima hati zenyewe ziseme "unganisheni". Hata hivyo mchunguzi anawajibika kueleza sababu ya kuziunganisha, na hapo ndipo pa kumbana.

Jibu la pili

Nakubaliana, ila msisahau kesi ya Adams ya mwaka 1966. Betri yake ilitumia magnesi na kloridi ya shaba, vitu vilivyojulikana zamani, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani iliilinda hataza kwa kuwa maarifa ya wakati huo yaliwakatisha tamaa wataalamu wasifuate njia hiyo. Hati ya feni inasema nini kuhusu kasi ya hewa?

Muulizaji

Inasisitiza kwamba chochote kinachoziba njia ya hewa kiepukwe. HEPA, inayonasa angalau asilimia 99.97 ya chembechembe za mikromita 0.3, huzuia hewa sana.

Jibu la pili

Basi hoja yenu ya kwanza iwe hiyo, kwamba hati ya feni inawakatisha tamaa wataalamu wasiweke kichujio kama hicho, na iambatane na tamko la kiapo lenye vipimo vinavyolinganisha kifaa chenu na kile kinachokikaribia zaidi. Mauzo mazuri peke yake hayatasaidia msipoonyesha kuwa yametokana na sifa mnayoidai. Lakini someni madai yenu upya leo: kama mtiririko wa polepole umo katika maelezo ya ombi tu, na si katika madai, mchunguzi ana haki ya kuupuuza. Uingizeni katika dai la kwanza, mkihakikisha kwamba ulikuwemo kwenye maelezo mliyowasilisha awali, kwa sababu sheria hairuhusu kuongeza jambo jipya baadaye.