Taarifa imeandikwa, mnaisoma mbele ya kamera, kisha maandishi mnatunyima: kwa nini?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tovuti za habari tulizozizoea kwa miaka mingi zimeacha kutuandikia habari. Unabofya kichwa cha habari, ukurasa unafunguka taratibu, na unachokikuta ni sentensi mbili zinazorudia kichwa kilekile, picha ya mtangazaji aliyeshika kipaza sauti, na agizo la kutazama video ili upate undani wake. Aya ya tatu haipo. Ukishuka chini kuitafuta, video inajiwasha yenyewe, inajibana kwenye kona ya kioo na kukufuata huko huko, ikiwa na alama ya kufungia ndogo kiasi kwamba kidole cha mtu mzima kikiilenga kinaangukia tangazo.

Chukueni mfano wa bei za mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na taarifa hiyo hutoka kwa maandishi, ikiwa na jedwali la bei za mji mmoja mmoja, kwa kuwa mafuta yaliyopokelewa katika bandari ya Dar es Salaam hayauzwi kwa bei moja na yale yaliyopitia Tanga au Mtwara. Dereva wa bodaboda aliyeko Masasi anahitaji mstari mmoja tu wa jedwali hilo, na angeuona ndani ya sekunde chache. Badala yake anapewa muziki wa kufungulia, nembo inayozunguka, salamu, ombi la kujiandikisha na kubonyeza alama ya kengele, kumbukumbu ya bei za mwezi uliopita, na mwishowe mtangazaji anaanza kusoma. Anasoma bei za Dar es Salaam, anasema kwamba mikoa mingine nayo imeguswa, kisha anatuaga.

Hilo la kusoma ndilo linaloniudhi kuliko yote. Karatasi anayo mkononi, tunaiona, na mara nyingine hata muhuri wa taasisi iliyoitoa unaonekana kwa nyuma. Maana yake ni kwamba maandishi yalifika katika chumba cha habari yakiwa kamili, na kuna mtu aliyelipwa mshahara kuyageuza kuwa sauti na kuhakikisha kwamba sisi hatuyapati. Vivyo hivyo kwa hukumu za mahakama, hotuba ya bajeti, taarifa za polisi na matangazo ya ajira: yote huzaliwa yakiwa maandishi, halafu tunasomewa kama watu ambao hawakupita darasa la kwanza.

Tuje kwenye gharama, maana bando halidondoki kutoka mbinguni. Habari ya maneno 600, kwa maandishi matupu, haifiki hata kilobaiti 10. Video ya dakika 8 kwa ubora wa kawaida hula makumi ya megabaiti, na ukiushusha ubora hadi nyuso zisitambulike bado umetumia mara mamia ya kile ambacho maandishi yangetumia. Anayekaa ofisini kwenye intaneti ya mwajiri hawezi kuliona hili. Analiona mwenye kifurushi cha siku, ambaye ikifika alasiri anahesabu kilichobaki kabla hajagusa kitu chochote.

Sikuzitaja dakika 8 kwa bahati. Tangu Julai 2020, YouTube huruhusu matangazo ya biashara katikati ya video yoyote iliyofikia urefu huo, ambapo awali ilitakiwa ifike dakika 10. Ndiyo sababu habari ya dakika mbili inavutwa kama ubani wa kutafuna, mwandishi anauliza swali lile lile kwa namna tatu, na shuhuda anaombwa arudie alichokwisha kukisema. Mtu akifahamu kanuni hiyo moja, ule ulegevu wote unaeleweka mara moja. Anayehudumiwa hapo ni mwenye tangazo, na muda wetu ndio bidhaa inayouzwa.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba wasomaji wenyewe ndio waliotaka video. Hoja hiyo ina historia yake, na si nzuri. Mwaka 2016 wakubwa wa Facebook walikuwa wakitabiri hadharani kwamba ndani ya miaka michache karibu kila kitu katika mtandao wao kingekuwa video, na vyombo vya habari vya Marekani vikalichukulia hilo kama amri. Septemba mwaka huo huo kampuni hiyo ikakiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imekuza wastani wa muda ambao watu hutumia kutazama video, kwa sababu hesabu yake iliwaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde 3 na kuondoka. Pamoja na ungamo hilo, mwaka 2017 Fox Sports iliwaachisha kazi waandishi wa tovuti yake ili iweke nguvu kwenye video, MTV News na tovuti ya habari ya Mic zikafanya hivyo hivyo, na kufikia Novemba 2018 Mic ilikuwa imewaondoa wengi wa wafanyakazi wake na kuuzwa. Watangazaji wa biashara walioishtaki Facebook kwa takwimu hizo walilipwa dola milioni 40 katika suluhu ya mwaka 2019, bila kampuni hiyo kukubali kosa. Walioachishwa kazi hawakurudishwa. Kwa hiyo mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi anaponieleza leo kwamba takwimu zinaonyesha tunapenda video, naomba aniambie kwanza nani kazihesabu, na sekunde ngapi zinatosha kumfanya mtu aitwe mtazamaji.

Sisemi video haina kazi. Mafuriko ya Jangwani jijini Dar es Salaam, bao lililozua ubishi, mbunge anayekana kauli aliyoitoa mwenyewe: hayo nipeni kwa picha, na nitatazama hadi mwisho. Ninachokataa ni video kuchukua nafasi ya habari iliyoandikwa, kwa sababu habari iliyoandikwa huweza kufanyiwa mambo ambayo video haiwezi. Naweza kutafuta jina la kijiji ndani yake, kunakili aya na kumtumia ndugu yangu, kurudi mwakani kulinganisha ahadi ya waziri na kilichotendeka. Kiziwi anaisoma. Asiyeona anasomewa na programu ya simu yake. Sasa kiziwi anapewa video isiyo na manukuu wala mkalimani wa lugha ya alama, na hakuna anayeona aibu.

Tena kuna suala la kumbukumbu, ambalo wahariri wanalipuuza kana kwamba kesho haitafika. Chaneli ikifungwa au video ikiondolewa kwa madai ya hakimiliki ya wimbo uliosikika kwa nyuma, habari nzima imepotea, na kilichobaki ni kichwa cha herufi kubwa chenye alama tatu za mshangao. Mwanafunzi atakayetafuta kwa Kiswahili mjadala wa tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 atakuta video nyingi asizoweza kuzipekua, na atakapochoka atageukia habari za Kiingereza, ambazo ziliandikwa. Halafu tutaitisha makongamano kulalamika kwamba Kiswahili hakina maudhui ya kutosha mtandaoni.

Najua humu kuna wahariri na waandishi, baadhi yenu hujibu nyuzi kwa majina ya bandia. Sihitaji maelezo kuhusu ugumu wa soko, nimeyasikia. Tangazeni video zenu, wekeni matangazo mtakavyo, lakini ile taarifa mliyoishika mkononi mnaposoma ibandikeni chini yake, maneno yote na jedwali lake zima. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Kama kuna mtu aliyewakataza kuifanya, tunaomba mmtaje kwa cheo chake hapa hapa.