Daktari anataka kupanga operesheni ya goti la mama kwa simulesheni, na kwenye picha anabaki na matege. Tukubali?

Mwana wa Tano (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye uzoefu na magoti bandia.

Mama ana miaka 68. Goti la kulia gegedu limekwisha upande wa ndani, mguu umepinda, usiku halali kwa maumivu. Dawa, sindano, mazoezi, vyote tumepitia. Bingwa wa mifupa amesema sasa ni kubadilisha goti zima, na hapo hatubishani naye.

Kilichotuvuruga ni mipango yenyewe. Mama alipigwa CT skani kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, kisha tukaonyeshwa goti lake kwenye kompyuta, la pande tatu. Daktari akalikunja, akalinyoosha, akaweka goti bandia la saizi hii, akatoa, akaweka la saizi nyingine. Nilivutiwa kwa kweli. Ila picha ya mwisho, ya mguu "baada ya operesheni", ilionyesha matege ya nyuzi 3 bado yapo. Nikauliza kama programu imekosea, akasema hapana, ndivyo anavyotaka. Mara akaitwa wodini, tukabaki tunatazamana.

Kaka yangu mkubwa amewaka. Anasema mtu hawezi kupasuliwa hivyo halafu abaki na matege, na hizo kompyuta ni za kupandishia bili tu. Mama naye kaanza kuogopa. Mnasemaje?

Jicho Pembeni

Kaka yako ana hoja. Magoti bandia ya kisasa yamewekwa tangu miaka ya 1970, kwa eksirei na jicho la daktari, na watu wakatembea. Leo kila kitu lazima kipite kwenye skrini. Ulizeni bili kwanza.

Mshipi

Mpe mama pole. Mimi ni mtu wa mazoezi tiba, wagonjwa wa magoti ndio ninaoshinda nao kutwa.

Nianze na hizo nyuzi 3 maana ndizo zinazomtisha. Kwa miaka mingi lengo la madaktari wengi lilikuwa moja: mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo upite katikati ya goti, mguu uwe umenyooka kabisa, ili uzito ugawanyike sawa juu ya ile plastiki ya goti bandia. Shida ni kwamba si wote tuliumbwa tumenyooka. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya vijana wenye magoti mazima. Wanaume 32 katika kila 100, na wanawake 17 katika kila 100, walikuwa na matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Hawaumwi chochote, ndivyo walivyo.

Mtu wa namna hiyo ukimnyoosha hadi sifuri, kano za upande wa ndani zinakaza, na daktari analazimika kuzilegeza kwa kisu. Goti linaweza kuonekana zuri kwenye eksirei huku mwenyewe analiona kama si lake. Ndiyo maana siku hizi wako madaktari wanaomrudisha mgonjwa karibu na umbo alilokuwa nalo kabla ya ugonjwa. Wengine hawakubaliani nao, na mjadala haujafungwa. Muulizeni daktari wenu yuko upande gani na kwa nini kwa mama.

Wakati mkisubiri, tafuteni picha za mama za ujanani, za kusimama. Na mguu wa kushoto ukoje?

Fundi Modeli

Niongezee upande wa kompyuta, ndiyo kazi yangu, ingawa si daktari.

Neno simulesheni linabeba vitu viwili hapa, na watu huvichanganya. Kuna kupanga umbo: CT inatoa mifupa kwa usahihi mkubwa, programu inapima pembe, inapendekeza wapi fupa la paja likatwe, wapi muundi ukatwe, saizi gani isiyochomoza nje ya mfupa. Hicho ndicho mlichoonyeshwa. Halafu kuna kuiga mwendo, yaani kukokotoa misuli inavuta kiasi gani na goti linabeba nini mtu anapotembea. Programu za kazi hiyo zipo, OpenSim ya Chuo Kikuu cha Stanford imetumika na watafiti tangu 2007, lakini huo ni ulimwengu mwingine. Tena tunajua tunapopungukiwa kwa sababu wapo wagonjwa wachache waliowekewa magoti bandia yenye vihisi ndani, yanayotuma vipimo halisi. Kazi kubwa imefanyika Berlin. Kutembea kawaida goti linabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kushuka ngazi zaidi ya mara tatu. Kompyuta ilipotakiwa kukisia namba hizo kabla ya kuonyeshwa majibu, hata timu nzuri zilipishana.

Kwa hiyo goti mliloliona likijikunja kwenye skrini ni mifupa inayofuata jiometri. Mama hayumo mle. CT haioni gegedu vizuri, na haijui kano zake zimekaza au zimelegea kiasi gani. Hilo daktari atalijua chumba cha upasuaji, atakapolivuta goti kwa mikono au kwa vifaa na kupima nafasi likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Ukiona mpango umebadilika siku hiyo, usishtuke. Mimi ningeshtuka kama daktari angesema haubadiliki kamwe.

Jicho Pembeni

@Fundi Modeli maneno mazuri, lakini jibu swali. Anayepangiwa kwa kompyuta anaishi vizuri kuliko asiyepangiwa?

Fundi Modeli

Swali halali. Mikato inakuwa karibu zaidi na ilivyopangwa, hilo limeonekana mara nyingi. Faida kwa mgonjwa ni ngumu zaidi kuionyesha. Watafiti wa Korea Kusini waliwafuatilia waliofanyiwa kwa roboti, yaani mashine inayokata mfupa kufuata mpango wa kompyuta, na waliofanyiwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 10, wakachapisha mwaka 2020: hakuna tofauti ya maana, si kwa matumizi ya goti wala kwa kudumu kwake. Roboti ile ni ya kizazi cha zamani, lakini ndiyo data ndefu tuliyonayo. Na mjue pia kwamba kwa njia yoyote ile, karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika kikamilifu na goti lake jipya. Mashine haijaifuta namba hiyo.

Bibi wa Ngazi

Mwanangu, mimi nilipangiwa kwa kompyuta. Maumivu ya wiki za mwanzo hayajui kompyuta, yalikuwa vilevile kama ya jirani yangu wa kitanda aliyefanyiwa kwa njia ya kawaida. Mimi nilikuwa na vidonda viwili vidogo vya ziada, pajani na kwenye muundi, walikopachika vile vijiti ambavyo kamera inavifuata ili mashine ijue mguu uko wapi. Vilipona.

Mwambie mama aanze kuimarisha misuli ya paja sasa hivi. Na kama ana sukari, ishushwe kabla, maana kidudu kikiingia kwenye goti bandia ni balaa.

Mwana wa Tano

Asanteni sana, Bibi nimemsomea mama ujumbe wako, amecheka kidogo.

@Mshipi picha za ujanani nimezipata, kweli ana matege kidogo hata akiwa binti. Ila mguu wa kulia ni mgumu kuusema kwa sababu ulishawahi kuvunjika pajani kwenye ajali ya gari, kabla hata sijazaliwa. Aliwekewa chuma na bado kimo.

Mshipi

Ngoja. Chuma cha aina gani? Kilicho pembeni ya mfupa au kilichopita ndani yake?

Mwana wa Tano

Ndani. Kirefu, kinaonekana kwenye eksirei, na skrubu mbili karibu na goti. Mfupa nao haukuunga ukiwa umenyooka sawasawa.

Fundi Modeli

Mkuu, hilo ndilo ulipaswa kuandika mstari wa kwanza!

Kwa njia ya kawaida daktari hutoboa fupa la paja kutokea gotini, anaingiza fimbo ndefu ndani ya uwazi wa mfupa, na fimbo hiyo ndiyo inayomwongoza akate kwa pembe gani. Kwa mama fimbo haina pa kupita, chuma kimeziba njia. Na hata ingepita, mfupa ulioungana ukiwa umepinda ungemwelekeza vibaya. Kupanga kwa CT, au kutumia mashine inayofuata mguu kwa kamera, kunamwezesha kupata pembe kutokea nyonga bila fimbo. Chuma kitaleta michirizi kwenye picha, hasa kwenye zile skrubu, kwa hiyo ulizeni kama picha ya eneo la goti imesomeka vizuri.

Jicho Pembeni

Kwa mguu wenye chuma ndani, kompyuta naikubali. Bili ulizeni hata hivyo.

Mwana wa Tano

Nimempigia kaka, nimemsomea hapo kwa Fundi. Amenyamaza, kisha akauliza kwa nini daktari hakusema. Tunarudi kliniki wiki ijayo, safari hii tunakwenda wote. Nitauliza kuhusu matege na kuhusu michirizi. Kuna kingine?

Mshipi

Ulizeni kama skrubu zile za chini zitatolewa. Zikiwa kwenye njia ya goti jipya, hazina budi kutoka, na vichwa vya skrubu vya zamani havifanani, kila kampuni na bisibisi yake. Kama mna karatasi yoyote ya operesheni ile ya kwanza, hata iliyochakaa, nendeni nayo. Ikiwa hamna, eksirei ya paja zima, si ya goti tu, ili waagize vifaa mapema.