Mjadala: Tozo ya barabara ifuate uzito wa gari, na matengenezo yatangulie miradi mipya

Mleta mada

Wadau, salaam. Karibu kila serikali inasumbuliwa na swali hili: fedha za barabara, madaraja na reli zitoke wapi? Wapo wanaotaka tozo ya mafuta ipandishwe, wapo wanaotaka barabara za kulipia, wapo wanaosema wapewe wawekezaji binafsi, na wapo wanaoamini kodi zilizopo zinatosha ila zinaliwa njiani. Mimi nasimama hapa: kila chombo kilipe kwa uzito wake na kwa umbali kinaotembea, na fedha hiyo imalize matengenezo kwanza, kabla hata senti moja haijaenda kwenye mradi mpya.

Tozo ya mafuta ilikuwa wazo zuri kwa wakati wake. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza mwaka 1919 kwa senti moja kwa galoni, na hesabu ilieleweka na kila mtu: ukitembea sana unajaza sana, ukijaza sana unachangia sana. Sasa injini zinakula mafuta kidogo, na gari la umeme halifiki kabisa kituo cha mafuta ila linapita barabara ile ile. Serikali kuu ya Marekani imebaki na senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu 1993, hakuna mwanasiasa anayetaka kuigusa, na tangu 2008 Bunge lao limekuwa likichota hazina kuu kuujazia mfuko wa barabara.

Ila hata ingepandishwa, tozo ya mafuta haijui nani anaharibu. Kati ya 1958 na 1960 kulifanyika jaribio kubwa huko Ottawa, Illinois: malori ya uzito mbalimbali yalizungushwa usiku na mchana kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa kazi hiyo tu. Lililoonekana pale ndilo wahandisi wanalitumia hadi leo: ekseli (chuma kinachobeba magurudumu ya pande mbili) iliyobeba mara mbili ya nyingine huichosha barabara karibu mara 16. Lori halinywi mafuta mara 16. Kwa hiyo mwenye gari dogo anamlipia mwenye lori, na wengi hawajui.

Kuhusu matengenezo, naomba mtu yeyote aangalie ufa kwenye lami siku moja baada ya mvua. Ni mwembamba, pengine kucha haiingii. Pembeni yake utaona michirizi ya tope jepesi, kama uji uliomwagika. Hilo tope limetoka chini: maji yameingia, tabaka la kokoto limelowa, na kila gurudumu zito linapokanyaga linayasukuma maji juu pamoja na chembe laini zilizokuwa zimeshikilia kokoto. Ukizibwa wiki hiyo, ni kazi ya vijana wawili na ndoo ya lami ya moto. Ukiachwa misimu miwili ya mvua, inabidi kufumua mpaka chini. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1994 ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara za Afrika katika muongo uliotangulia. Ndoo ya lami haikatiwi utepe, ndiyo maana inakosa bajeti.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja yako inavutia, lakini umeruka jambo. Lori likitozwa zaidi, mwenye lori halipi yeye. Anapandisha nauli ya mzigo, na mwisho wa safari analipa anayenunua mchele, sabuni na bati. Anayeishi mbali na bandari ataumia kuliko wote. Na hii ya umbali? Watu wa mijini wana treni na mabasi, wa vijijini hawana namna ila kutembea kilomita nyingi. Unawaadhibu kwa kuishi mbali.

Mleta mada

Ndugu, la kwanza nakubali nusu. Mlaji analipa, kweli. Ila tayari analipa leo: springi zinazokatika, matairi, lori linalolala njiani siku mbili kwa sababu daraja limefungwa. Yote hayo yako kwenye bei ya bati, na hakuna hata senti yake inayorudi barabarani.

Uswisi walianza mwaka 2001 kuyatoza malori mazito kwa uzito, kilomita na moshi. Theluthi moja ya makusanyo huenda kwenye majimbo yao, theluthi mbili kwa serikali kuu, na sehemu kubwa ya hiyo imejenga reli za kupita chini ya milima ya Alpi, likiwemo handaki la treni la Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa 2016. Waliotoza malori waliyapa na njia nyingine ya kupitisha mzigo. Nchi inayotoza bila kujenga njia hiyo inatafuta mapato tu, na hapo niko upande wako.

La vijijini limenigusa. New Zealand wana tozo ya kilomita kwa magari ya dizeli tangu 1978, na Aprili 2024 wakaingiza magari ya umeme. Kiwango cha gari dogo ni kidogo sana ukilinganisha na lori zito. Viwango vikifuata uharibifu kwa uaminifu, mkulima mwenye pikapu atalipa pungufu ya unavyohofia. Lakini sitabisha kwamba hesabu ya kilomita inamwelemea mtu wa mbali, na ningependelea apewe punguzo lililoandikwa kwenye sheria, sio huruma ya ofisa.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi kwenye mizani ya malori miaka sita, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Sheria za uzito zipo. Usiku saa nane unaona malori yamejipanga kilomita mbili kabla ya mizani, taa zimezimwa, wanasubiri zamu ibadilike. Wengine wanahamisha magunia kwenda ekseli ya mbele, wanapimwa, wakishapita wanayarudisha. Zamu moja niliandika lori moja limezidi tani nne. Nilipigiwa simu kabla wino haujakauka, nikaambiwa liachwe liende. Nililiacha. Mpaka leo nikipita kipande kile cha barabara, kilivyobonyea kama mfereji, roho inaniuma.

Kwa hiyo tozo ya uzito ni sawa, ila atakayepima ni nani? Mkimwachia binadamu mmoja kibandani usiku, tozo nzima itaishia mfukoni.

Mchangiaji wa tatu

Mmesahau reli, na mmesahau wawekezaji. Mimi nataka serikali itoke kwenye uendeshaji, lakini sitaki kudanganya watu kwamba binafsi ni dawa. Daraja la Morandi la Genoa, Italia, lilikuwa mikononi mwa kampuni ya kuendesha barabara za kulipia, na lilianguka Agosti 14, 2018, likaua watu 43. Nyaya za nguzo nyingine ya daraja hilo hilo zilishaimarishwa miaka ya 1990. Za nguzo iliyoanguka hazikuwa zimefanyiwa hivyo. Uingereza walibinafsisha reli, na mwaka 2000 huko Hatfield chuma cha reli kilichojulikana kuwa na nyufa kilipasuka vipande zaidi ya 300 treni ikiwa juu yake. Wanne walikufa. Kampuni iliyomiliki njia ikafa nayo, na 2002 kazi ikarudi kwa chombo kisichogawa faida.

Na wewe mleta mada, huo mfuko wako wa fedha za tozo utaulindaje? Uingereza walikuwa na mfuko wa barabara uliojazwa na kodi za magari. Winston Churchill alipokuwa waziri wa fedha miaka ya 1920 aliuchota kuziba nakisi ya bajeti, na hatimaye fedha zote zikahamia hazina kuu.

Mleta mada

Mfano wa Churchill ni mzito kuliko hoja yangu ya kwanza, lazima niseme. Sheria ya kulinda mfuko hutungwa na Bunge, na Bunge hilo hilo huweza kuifuta kwenye bajeti ya mwaka mmoja mgumu. Kinachoweza kuuzuia mkono ni wenye magari na wasafirishaji wenyewe kukaa kwenye bodi, wakiwa na kura, na hali ya kila kipande cha barabara kutangazwa kila mwaka: kilomita ngapi nzuri, ngapi za wastani, ngapi mbovu, na kila daraja na tarehe yake ya mwisho kukaguliwa. Fedha ikichotwa, mwaka unaofuata takwimu zitaanguka na watu wataona zilipoangukia.

Genoa na Hatfield naziona ni ugonjwa mmoja na ule ufa wa lami. Mmiliki mmoja binafsi, mwingine serikali, na wote matengenezo ndiyo ya kwanza kukatwa kwa sababu kukatwa kwake hakuonekani mwaka ule. Mkataba wa mwekezaji ambao hautaji hali ya barabara siku ya kuirudisha, mimi singeusaini.

Ndugu wa mizani, neno lako ndilo limenikalia. Siku hizi kuna vipimo vinavyofukiwa ndani ya lami, lori linapimwa likiwa kwenye mwendo na kamera inasoma namba yake, bila kibanda wala zamu. Lakini wewe ulipigiwa simu, na mashine nayo ina mtu anayeweza kufuta rekodi. Tuambie uliyoyaona: rekodi ile ingekwenda moja kwa moja mahali ambapo kila mtu anaisoma, yule aliyekupigia angepata wapi pa kuizuia?